Je, Boyz II Men Waliangushwa na Kuondoka kwa Besi Wao?

Swali limetoka kwa kijana wa kwaya huko Moshi. Nalifupisha: "Shikamoo Mwalimu. Sisi ni vijana wanne, tunaimba kwaya ya kanisani, na pembeni tumeanzisha kundi letu la kuimba bila vyombo. Tunawapenda sana Boyz II Men, wale waimbaji wa Marekani. Sasa besi wetu amepata kazi Mwanza, anaondoka. Mwenzetu mmoja anasema bora tuvunje kundi, maana hata Boyz II Men walikwisha siku besi wao alipotoka. Ni kweli? Na hasa walifanya nini mpaka wakawa wakubwa vile?"

Marahaba, mdogo wangu. Hoja ya mwenzenu nimeisikia mara nyingi, hata kwa watu wazima wanaojua muziki. Si kweli, tarehe zenyewe zinaikataa. Michael McCary, yule mrefu mwenye sauti nzito aliyekuwa akiongea katikati ya nyimbo, alitoka mwaka 2003. Wimbo wao wa mwisho kushika namba moja Marekani ni "4 Seasons of Loneliness" wa mwaka 1997. Yaani kwa zaidi ya miaka mitano walikuwa wanashuka huku besi yumo, anaimba, anapiga picha za albamu na wenzake. Alipoondoka, maji yalikuwa yameshamwagika.

Na kuna jambo mwenzenu huenda halijui: hilo halikuwa pengo lao la kwanza. Walishapoteza mtu kabla dunia haijawajua, na wakaendelea mbele.

Kundi lilianza mwaka 1985 katika shule ya sekondari ya sanaa mjini Philadelphia, inayoitwa kwa kifupi CAPA. Wakati huo lilikuwa na jina jingine, Unique Attraction, na lilikuwa na Nathan Morris, Marc Nelson na wanafunzi wengine. Hiyo shule si ya kawaida. Mtoto anaingia kwa kufanyiwa usaili wa kipaji, kisha anasoma hesabu na historia kama wengine huku akifundishwa sanaa yake kwa uzito uleule. Questlove na Black Thought, walioanzisha kundi la The Roots, walikuwa pale miaka hiyohiyo, na ukitazama video ya "Motownphilly" kwa makini utamwona Questlove anapiga ngoma. Akaingia Wanyá Morris, wengine wakamaliza shule wakaenda zao, kisha akaingia Shawn Stockman. Nathan na Wanyá si ndugu, ingawa wanatumia jina moja la ukoo. Hilo nalo huulizwa kila mara.

Besi alipatikana chooni. Vijana wale walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye vyoo vya shule kwa sababu kuta za vigae zinarudisha sauti vizuri, na inasimuliwa kwamba Michael aliingia akawakuta wanaimba, naye akadakia sauti ya chini iliyokuwa inakosekana. Kwa hiyo kulikuwa na kundi kabla ya besi, na lilikuwa linaimba.

Jina la Boyz II Men walilichukua kwenye wimbo wa New Edition, kundi la Boston walilolipenda kupita kiasi. Mwaka 1989 walijipenyeza nyuma ya jukwaa kwenye tamasha mjini Philadelphia, wakamkuta Michael Bivins wa New Edition, wakamwimbia palepale wimbo wa kundi lake mwenyewe, "Can You Stand the Rain", bila chombo chochote. Ujasiri wa ajabu huo. Bivins akawaachia namba ya simu, na baadaye akakubali kuwasimamia na kuwafikisha Motown, lebo ya kurekodi muziki. Kabla albamu ya kwanza haijatoka, Marc Nelson akaondoka. Nelson hakuwa mtu wa kujazia nafasi. Baadaye alisikika na kundi la Az Yet, na yeyote anayemjua atakuambia ni mwimbaji hasa. Watano wakabaki wanne, na hao wanne ndio tunaowaita leo Boyz II Men kana kwamba walizaliwa hivyo.

Albamu ya kwanza, Cooleyhighharmony, ilitoka mwaka 1991 chini ya prodyuza Dallas Austin. Wanyá alikuwa na miaka 17, Shawn 18, Nathan na Michael 19. Tazama nguo zao kwenye picha za wakati ule: tai, sweta za vifungo, kaptula za heshima, kama wanafunzi wa shule ya bweni siku ya kutembelewa na wazazi. Wakati rap ikiwa imepamba moto, Motown ilitoa vijana ambao mama yeyote angewafungulia mlango. Sidhani hilo lilitokea kwa bahati mbaya.

Wimbo wa kwanza, "Motownphilly", ulifika namba tatu. Ulifuata "It's So Hard to Say Goodbye to Yesterday", ambao asili yake ni filamu ya mwaka 1975 iitwayo Cooley High, ulioimbwa kwanza na G.C. Cameron. Ndiyo filamu iliyoipa albamu jina. Boyz II Men waliuimba kwa sauti tupu, hakuna gitaa wala kinanda, nao ukafika namba mbili. Mwaka 1991! Redio zilikuwa zimejaa mashine za ngoma, na huku watoto wanne wanafika juu kwa makoo yao tu. Huo ndio wimbo ninaoutaka muanze nao, nitaurudia huko chini.

Sasa, kwa nini walikuwa wakubwa vile? Nianze na takwimu kisha niseme kasoro yake. "End of the Road" ya mwaka 1992, kutoka filamu ya Boomerang, ilikaa namba moja kwa wiki 13. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa ya Elvis Presley, wiki 11, ya mwaka 1956. Miezi michache baadaye Whitney Houston akawapita kwa wiki 14. Mwaka 1994 wakamfikia kwa "I'll Make Love to You", wiki 14, na uliouondoa wimbo huo kileleni ulikuwa "On Bended Knee", wa kwao wenyewe. Kabla yao ni Elvis na The Beatles tu waliowahi kujiondoa wenyewe namba moja. Kisha "One Sweet Day" na Mariah Carey, kuanzia Desemba 1995: wiki 16. Rekodi hiyo ilifikiwa mwaka 2017 na "Despacito", na haikuvunjwa mpaka mwaka 2019 na "Old Town Road" ya Lil Nas X. Jumlisha nyimbo zao zote tano zilizofika kileleni, unapata wiki 50.

Kasoro ni hii. Mwishoni mwa Novemba 1991 jarida la Billboard lilibadilisha namna ya kuhesabu chati ya nyimbo. Zamani walikuwa wanapiga simu madukani na kwenye vituo vya redio na kuuliza ni nini kinauzwa na nini kinapigwa. Mwenye duka alijibu anachokumbuka, au anachotaka kukisukuma, na wimbo ambao kila mtu alishauchoka aliushusha kwenye orodha hata kama bado unanunuliwa. Baada ya hapo hesabu ikatoka kwenye mashine: kile kinachosomwa kwa msimbo kaunta ya malipo, na kile mitambo inachokinasa redioni. Ikagundulika kwamba watu huendelea kununua wimbo uleule kwa muda mrefu kuliko wenye maduka walivyokuwa wakidai. Ndiyo maana rekodi iliyodumu tangu 1956 ilivunjwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Boyz II Men walikuwa wakubwa kweli, lakini pia walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupimwa kwa mizani mpya. Anayekwambia hizo wiki zinathibitisha kwamba waliwazidi wote waliotangulia, mpe pole.

Albamu ya pili, iliyoitwa II tu, ilitoka mwaka 1994 na imethibitishwa kuuza nakala milioni 12 Marekani peke yake. Ilipata Grammy ya albamu bora ya R&B, na ilikuwa mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa.

Nani aliandika nyimbo hizo? Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. "End of the Road" iliandikwa na Babyface, L.A. Reid na Daryl Simmons. "I'll Make Love to You" ni ya Babyface. "On Bended Knee" ni ya Jimmy Jam na Terry Lewis. Nguvu ya Boyz II Men haikukaa kwenye sauti moja, wala kwenye besi. Ilikaa kwenye mkutano wa vitu viwili: waandishi bora wa Marekani wa wakati ule, na waimbaji wanne ambao kila mmoja aliweza kuongoza na kila mmoja aliweza kunyamaza. Mkutano huo ulipovunjika ndipo walipoanza kushuka.

Kwanza sauti zenyewe, maana ninyi ni watu wa kwaya na mtanielewa haraka.

Kwenye kwaya zetu, sauti ya kwanza ndiyo yenye wimbo kuanzia mwanzo mpaka amina. Ya pili, ya tatu na besi zinaisindikiza. Sauti zenyewe zimetawanyika: besi yuko chini kabisa, soprano yuko juu, kati yao kuna nafasi ya kupita lori. Boyz II Men hawaimbi hivyo. Sauti tatu za juu zimebanana ndani ya oktavu moja, bega kwa bega, na besi anakaa chini yao peke yake. Mkiwa mmezoea do-mi-so, hao mara nyingi wanaongeza noti ya nne, ti au ile ti iliyoshushwa nusu, na noti hiyo ndiyo inayoleta ladha ya huzuni tamu ambayo watu huitafuta kwenye kinanda na kuikosa. Hiyo ni urithi wa makanisa ya Wamarekani weusi na wa vijana walioimba kwenye kona za mitaa ya Philadelphia na miji mingine ya mashariki tangu miaka ya 1950.

Jambo la pili, wimbo wenyewe unahamahama. Ubeti mmoja anashika huyu, wa pili yule, na aliyeachia anarudi nyuma kuwa sehemu ya "uuu". Nathan ni baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, tulivu na ya kuaminika. Shawn ni teno laini. Wanyá ni teno wa kupanda na kuzungusha sauti, yule anayeweza kuchukua silabi moja akapita nayo noti saba kabla hajaiweka chini. Michael alikuwa msingi, na zaidi ya hapo alikuwa msemaji: dakika ya katikati muziki unapungua, anaanza kumbembeleza mwanamke kwa maneno ya kawaida. Watu walimcheka na kumwiga, lakini kimuziki ilikuwa na kazi. Sikio lilikuwa limeshiba mlio wa sauti nne, likapumzishwa, ili kiitikio kinaporudi kionekane kikubwa upya.

Sikilizeni "End of the Road" mkiwa na kalamu. Mapigo ni sita kwa nane, yaleyale ya tenzi nyingi mnazoimba Jumapili, hesabuni moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, taratibu. Michael anaanza kwa kuongea. Beti zinaimbwa na mtu mmoja huku wengine wakishika "uuu" kwa sauti ya chini kiasi kwamba mkiisikilizia kwenye simu bila spika za masikioni hamtaisikia. Kwenye kiitikio wote wanatamka neno moja kwa wakati mmoja, na juu yao mmoja anatoka kwenda kuranda. Halafu karibu na mwisho vyombo vinanyamaza na zinabaki sauti tupu. Mpaka hapo umesikia kinanda na ngoma kwa dakika kadhaa, na vinapotoka unagundua kwamba havikuwa vinabeba kitu. Wimbo ulikuwa umesimama wenyewe muda wote.

Angalieni pia irabu zao. Wanne wakishika neno refu, midomo yote imefunguka kwa umbo moja, na ndipo sauti zinayeyuka kuwa moja. Hapo Kiswahili kinatupendelea, maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu. Wao ilibidi wajifunze kukata konsonanti pamoja kwa sekunde ileile. Kwaya nyingi ninazosikia zinapoteza mlingano kwa sababu mmoja anaimba "a" ya mdomo mpana na jirani yake "a" ya kooni, kisha wanalaumu mtu wa mitambo.

Na msidanganyike na rekodi. Studio za R&B za miaka ile zilikuwa zinarundika sauti: mwimbaji anaimba sehemu yake, anairudia, anaimba na sehemu ya mwenzake, mpaka mnasikia watu kumi na sita mahali walipo wanne. Mkisimama wanne mbele ya waumini mkasikia mnatoka wembamba, hiyo ni kawaida. Zaidi ya hapo wanaimba kwa ajili ya maikrofoni, karibu kunong'ona. Mwanakwaya amefundishwa kuupeleka wimbo mpaka ukuta wa nyuma. Mtindo huu hauvumilii hivyo.

Sasa kushuka. Sababu zilikuwa kadhaa na zilikuja kwa mfululizo.

Tangu mwanzoni kulikuwa na msiba. Mwaka 1992, wakiwa kwenye ziara ya rapa MC Hammer, meneja wao wa safari, Khalil Roundtree, alipigwa risasi na kufa mjini Chicago. Walimwimbia "End of the Road" kwenye maonyesho yaliyofuata. "One Sweet Day" imezaliwa hapo pia: wao walikuwa na wimbo waliokuwa wakiuandika kwa ajili ya Khalil, Mariah alikuwa na wake kwa ajili ya prodyuza David Cole aliyefariki mwanzoni mwa 1995, wakakuta wote wanasema jambo lilelile, wakaunganisha. Hata video yake ilipigwa studio wakati wa kurekodi, kwa sababu pande zote mbili hazikuwa na nafasi ya kukutana tena. Ukiisikiliza ukijua hilo, huwezi kuuita wimbo wa mapenzi.

Kisha mambo ya lebo. Motown waliyoingia haikuwa tena ile ya mwanzilishi wake, Berry Gordy wa Detroit. Gordy aliiuza mwaka 1988. Mwaka 1993 ikauzwa tena kwa PolyGram. Mwaka 1995 mkuu aliyewapokea, Jheryl Busby, akatoka na akaingia Andre Harrell, ambaye naye hakukaa. Mwishoni mwa mwaka 1998 PolyGram yenyewe ikamezwa na kampuni ya Seagram, wenye Universal. Msanii katika hali hiyo anaamka kila baada ya muda mfupi na bosi ambaye si yeye aliyemwamini. Novemba 1995 lebo ilitoa albamu ya nyimbo zao zilizorekebishwa, The Remix Collection, bila ridhaa yao, na uhusiano ukaharibika. Sijawahi kuona kundi likiimba vizuri huku likigombana na anayelilipa.

Albamu ya Evolution ilitoka mwaka 1997, ikaingia namba moja, lakini mauzo yake yalikuwa mbali na milioni 12 za ile iliyotangulia. Humo ndimo ilimokuwa "A Song for Mama", ambayo nadhani haihitaji utambulisho kwa mtu yeyote aliyewahi kwenda kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi. Ziara ya albamu hiyo ikakwama kwa sababu Wanyá aliota uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Fikiria: teno wako wa juu, aliyekuwa akizungusha sauti kila usiku tangu ana miaka 17, anaambiwa na daktari anyamaze. Michael kwa upande wake alikuwa na uti wa mgongo uliopinda, akawa hawezi tena kucheza kama wenzake. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, alieleza kwenye televisheni kwamba ana ugonjwa wa mfumo wa fahamu uitwao multiple sclerosis. Kwa hiyo kama mtu anataka kusema besi aliwaangusha wenzake, asome hilo kwanza.

Halafu ukaja uamuzi ambao mimi naona ulikuwa na uzito kuliko yote. Wakosoaji walikuwa wakisema bila Babyface hawa si kitu. Jambo hilo liliwauma, na mwaka 2000 walitoa albamu iliyoitwa kwa majina yao wenyewe, Nathan Michael Shawn Wanya, ambayo sehemu kubwa waliiandika na kuitayarisha wao. Naheshimu uamuzi huo, na uimbaji ulikuwa palepale. Lakini nyimbo hazikuwa "End of the Road". Mkutano niliousema ulikuwa umevunjika: upande mmoja ulibaki na makoo, upande wa pili uliondoka na kalamu. Wakati huohuo mashabiki wadogo walikuwa wameshahamia kwa Backstreet Boys na 'N Sync, makundi yaliyojifunza mengi kutoka kwao, na R&B ilikuwa imegeukia midundo ya prodyuza Timbaland, isiyo na nafasi kubwa kwa sauti nne zilizobanana. Albamu ya Full Circle ya mwaka 2002, kwa lebo ya Arista, haikubadilisha upepo. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Michael akatoka.

Na baada ya hapo? Hapa mwenzenu amekosea zaidi. Walibaki watatu, wakapumzika kidogo, na mwaka 2004 wakarudi na albamu ya nyimbo za zamani za wenzao, bila lebo kubwa nyuma yao. Mwaka 2007 wakatoa albamu ya nyimbo za Motown. Mwaka 2012 wakapewa nyota yao Hollywood. Kuanzia 2013 wakawa na maonyesho ya kudumu katika hoteli ya Mirage, Las Vegas, mwaka huohuo wakizunguka na New Kids on the Block na 98 Degrees. Mwaka 2017 Philadelphia ikakiita kipande cha barabara ya Broad, karibu na shule yao ya zamani, kwa jina la kundi. Juni 2023 walikuja Nairobi, wakaimba Uhuru Gardens, watatu hao hao. Kundi lililokwisha 2003 halijazi uwanja miaka 20 baadaye. Walichopoteza ni chati, na chati ilikuwa imeshawaacha besi akiwepo.

Watatu wanaimbaje nyimbo za wanne? Sauti ya chini kabisa iliyobaki ni ya Nathan, baritoni. Haifiki pale alipokuwa Michael, lakini nyimbo zao hazikumhitaji besi kila mstari kama zaburi inavyomhitaji. Jukwaani kuna bendi, na gitaa la besi linajaza shimo la chini. Ninyi mnaoimba bila vyombo hamna hilo, kwa hiyo kazi yenu ni ngumu kidogo kuliko yao, lakini inafanyika. Sauti Sol wa Kenya walianza mwaka 2005 wakiwa waimbaji watatu bila vyombo, kabla Polycarp hajaja na gitaa.

Basi fanyeni hivi. Msimtafute besi mwingine kwa haraka. Anzeni na "It's So Hard to Say Goodbye to Yesterday", kwa sababu haina chombo cha kuwaficha na mwendo wake ni wa polepole, kosa lolote linasikika. Kaeni kwenye viti mkizunguka, magoti yakikaribiana, msisimame kwa mstari kama mko mimbarini. Tafuteni chumba chenye vigae, hata kama ni choo, kama walivyofanya wao. Kila mmoja ajifunze sehemu zote tatu, si ya kwake tu. Mkiweza kubadilishana katikati ya wimbo bila kuanguka, mtakuwa mmeshapita makundi mengi ninayoyajua. Mkitaka kuuza rekodi ya nyimbo za watu, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwanza muulize utaratibu. Zaidi ya hapo, tafuteni mtu wa kuwaandikia nyimbo, au mmoja wenu aanze kujifunza sasa. Nalisema hili kuliko la besi.

Kuhusu kupanga sauti tatu mahali pa nne: pandisheni ufunguo, noti moja au moja na nusu, ili baritoni wenu asijilazimishe kushuka asikofika. Kisha kwenye kila mkusanyiko wa noti nne, inayoachwa ni so. Vijana wengi wanaacha mi kwa sababu ni ngumu kuilenga, na wimbo unabaki mkavu, hauna furaha wala huzuni. Shikeni do chini, mi katikati, ti juu. Sikio la msikilizaji litaijaza so lenyewe. Pale ambapo Michael angeongea, mwacheni teno wenu wa pili aseme kwa Kiswahili, maneno yake mwenyewe, na wawili waliobaki washike "uuu" kwa sauti ndogo kiasi kwamba aliyeko mlango wa nyuma asisikie.